Mamamkwe na Sabuni

Ukitaka kuniharibia siku, usihangaike kunitukana. Matusi nimeyazoea; nina madeni kwa wauza duka kuanzia barabara kubwa mpaka mlangoni kwangu. Niulize tu lile swali ambalo watu wa Goma wanalipenda kuliko sambaza za kukaanga: "Papa, ile mawazo yote unaitoaka wapi?" Nikishakunja uso, nimalizie na pacha wake: "Na sasa uko unaelekea wapi na ile kazi ya kuandika?" La kwanza huulizwa na vijana wenye daftari jipya. La pili huulizwa na ndugu za mke wangu.

Fundi wa cherehani haulizwi anakotoa mawazo ya suruali. Mama muuza makala hakuna aliyewahi kumsimamisha njiani ajue alipataje msukumo wa kufungua gunia. Ila mtu akishajulikana kwamba anaandika michezo ya redio, mtaa mzima unaamini kuna mahali pa siri anapokwenda usiku kuchota, na kwamba anawaficha njia kwa uchoyo.

Na kila mtu ana dawa. Motari anayenipeleka mjini anasema kahawa. Mchungaji anasema kufunga. Kijana wa jirani, ambaye hajawahi kuandika hata barua ya kuomba kazi, ana simu iliyojaa mafundisho ya watu wa Marekani, na dawa yake ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote: niamke kabla ya jua, nitafute mahali pa chini palipotulia, pasipo upepo, nikae, nifumbe macho, nivute pumzi ndefu.

Huko California labda hilo huleta riwaya. Hapa Lac Vert huleta matanga.

Kwa asiyetujua: Lac Vert ni mtaa wa magharibi mwa Goma, kwenye barabara ya kwenda Sake. Jina limetokana na ziwa dogo la kijani lililolala ndani ya kreta ya zamani, karibu kabisa na Ziwa Kivu. Ni pazuri, sikatai. Wageni wakifika ukingoni huguna, huweka mkono kifuani, hupiga picha, kisha husema mtu akiishi hapa lazima aandike tu. Halafu wanapanda gari lao kurudi hotelini, mimi nabaki na ziwa na sina hata kalamu yenye wino.

Sasa, ardhi yetu hii inatoa hewa. Kwenye mashimo na vibonde vya ukanda huu wa kaskazini mwa Kivu hutokea mazuku, ambayo ukiwauliza wataalamu wa volkeno watakuambia ni kaboni dayoksaidi inayopanda kutoka chini. Haina rangi, haina harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hujaa shimoni na kutuama kama maji ya mvua. Usiku usio na upepo inajikusanya. Alfajiri bado ipo. Jua likipanda na upepo ukianza kuvuma, inapungua. Mbuzi huanguka kabla ya mwenye mbuzi, kwa sababu pua yake iko karibu na nyasi. Wazee wa hapa huonyesha kwa kidole: pale usilale, pale usimwache mtoto, pale hata kuinama kufunga kamba ya kiatu fikiria mara mbili.

Soma tena ile dawa ya kijana wa jirani. Kabla ya jua. Mahali pa chini. Pasipo upepo. Pumzi ndefu. Mtu angekaa mezani kutunga namna ya kummaliza mwandishi wa Lac Vert bila kuacha alama, asingefanya vizuri kuliko hapo. Ndiyo maana mimi natafakari nikiwa nimesimama, saa sita mchana, juu ya jiwe.

Ziwa kubwa nalo lisikudanganye kwa utulivu wake. Kivu imehifadhi chini ya maji yake gesi ambayo wataalamu wanaikadiria kwa kilomita za ujazo: takriban 300 za hiyo hiyo kaboni dayoksaidi, na kama 60 za methani. Ng'ambo, upande wa Rwanda, huko Karongi, wameikamata hiyo methani na wanatoa umeme tangu mwishoni mwa 2015. Sisi upande wetu bado tunaitolea mashairi, tena kwa mwanga wa tochi ya simu.

Lakini nisiseme uongo, mawazo si shida yangu. Hapo ndipo watu hawanielewi. Katika mji huu mtu anayekosa cha kuandika ana ugonjwa wa macho. Kaa tu nusu saa barabarani uone chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kikishuka na mzigo wa viazi wenye urefu wa nyumba, dereva wake kapiga goti moja, breki yake ni kipande cha tairi na jina la Yesu. Mawazo yapo, yanakanyagana. Shida yangu ni lile swali la pili, la mwelekeo. Mwelekeo Goma hautafutwi. Unaletewa, umepigwa muhuri, pamoja na fomu ya kusaini.

Tuanze na wachoraji, maana wao mambo yao yako wazi ukutani. Rafiki yangu mmoja anachora vizuri mno. Amewahi kumchora shangazi yake akihesabu noti, jicho moja limefumbwa, noti ya mwisho kaishika mbali na mwanga kwa sababu anaijua ina kiraka. Ukiitazama picha ile unajikuta unapapasa mfuko wako. Haijanunuliwa. Wateja wake ni wageni, na mgeni anataka vitu vitatu: sokwe, volkeno na chukudu. Basi yeye huchora sokwe, ingawa sokwe wanaishi kwenye misitu ya Virunga na hajawahi kumwona hata mmoja. Aliwahi kuchora sokwe amepanda chukudu mbele ya volkeno ya Nyiragongo, kwa hasira, akidhani watu watacheka. Iliuzwa siku ileile, na mnunuzi akaomba nyingine ya kumpelekea dada yake.

Wala si jambo la Goma peke yake. Lubumbashi, miaka ya sabini, wachoraji waliokuwa wakizungumza Kiswahili hikihiki walijua vizuri nini kitaning'inizwa sebuleni: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au picha ya zama za Wabelgiji, askari na mfungwa na kiboko. Tshibumba Kanda-Matulu alichora hizo kwa ajili ya kula, na moyoni alikuwa na historia nzima ya nchi inayomwasha. Alipokutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa tayari kununua historia hiyo, akamchorea mfululizo wa picha karibu mia, akimweleza kila moja kwa Kiswahili. Mimi hadithi hiyo huwa nainyooshea kidole mahali pamoja tu: picha zilikuwa kichwani siku zote. Aliyekosekana ni mteja.

Sasa nije kwetu sisi wa maneno. Tangu 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika hapa kwa mamia ya maelfu na kipindupindu kikawafagia, mashirika ya misaada hayajawahi kutuacha, na vita havijawahi kuyapa sababu ya kuondoka. Mpaka mwanzoni mwa 2025 mtaa wetu ulizungukwa na mahema ya waliokimbia vita, Bulengo, Lushagala, huko kote. Watu wana shida za kweli na msaada ni wa kweli. Siwezi kunung'unika kuhusu maji safi. Nanung'unika kuhusu kasehemu kadogo ka mwisho wa kila bajeti kanakoitwa uhamasishaji. Ndiko ninakokula mimi.

Goma ilipopata mgonjwa wake wa kwanza wa Ebola, Julai 2019, kila aliyewahi kuimba kanisani aliitwa kuimba kuhusu kunawa mikono. Walioimba vibaya waliitwa kupiga ngoma. Mimi nimeandika kipindupindu, nimeandika surua, nimeandika vyandarua, nimeandika rangi za tahadhari ya volkeno. Nimeandika amani mpaka nikaogopa kupigana. Yupo msomi, Chérie Rivers Ndaliko, aliyelitolea jambo hili kitabu kizima, Necessary Noise, kilichotoka 2016: muziki na filamu za mashariki mwa Kongo, na jinsi misaada inavyoshika usukani wa kazi ya msanii. Nilipopata habari za kitabu hicho nilifurahi kama mgonjwa aliyepewa jina la ugonjwa wake. Kisha nikarudi kuandika kuhusu vyandarua.

Kazi yenyewe huja na karatasi wanayoiita TDR, yaani hadidu za rejea. Mstari wa kwanza husema msanii yuko huru kabisa kuonyesha ubunifu wake. Kurasa nne zinazofuata zinaeleza uhuru huo. Mhusika wa kwanza hajui. Mhusika wa pili anajua. Wa pili anamweleza wa kwanza. Wa kwanza anasema, "Lo, kumbe!" kisha anashukuru, kisha wimbo. Asiwepo mlevi, maana atachafua ujumbe. Asiwepo mchawi. Wasigombane mke na mume, labda kama ni mradi wa kupinga ugomvi wa mke na mume, na hapo wapatane kabla ya dakika ya kumi. Niambie, ukiondoa mlevi, mchawi na ugomvi wa ndoa, Goma umebakiza nani?

Nilijaribu kuleta changu. Mei 27, 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, serikali ilipoamuru mitaa mingi ya mji ihame, umati ulipita hapa barabarani kwenda Sake mchana kutwa. Magodoro, masufuria, wazee migongoni. Washairi wenzangu wote waliandika shairi moja: moto, majivu, mama, mtoto, machozi. Mimi nilimwona mwanamume mmoja amevaa koti la suti, hana mzigo wowote, mkononi kashika rimoti ya televisheni. Televisheni yenyewe kaiacha nyumbani. Anatembea mbio, na kila baada ya hatua kadhaa anaitazama ile rimoti, kama anayetaka kubadilisha chaneli ya siku ile. Niliandika hadithi yake. Nikaipeleka kwa watu fulani waliokuwa wanakusanya maandishi ya maafa. Wakaisifu. Wakauliza kama naweza kuongeza majivu, na kama yule bwana anaweza kuwa mama mwenye mtoto.

Mpwa wangu ananicheka. Yeye mfano wake ni mmoja tu, Innoss'B, mtoto wa Goma hapa hapa: wimbo wake Yope, 2019, halafu remiksi na Diamond Platnumz, na dunia nzima ikatikisa mabega. "Mujomba," ananiambia, "ile nyimbo haikuwaka na TDR." Nikamjibu kwamba na mimi sina mabega. Lakini usiku niliwaza. Ni kweli, hakuna mtu anayeudai wimbo wa kucheza utibu kitu.

Mama watoto, yeye hana subira na mawazo ya usiku. Kwake mwelekeo ni jambo la asubuhi na lina rangi ya njano: bidon za lita ishirini, ziwani kwenda na kurudi, kwa sababu tunaishi juu ya jiwe la volkeno na kupitisha bomba humo ni kazi ya kuvunja nyundo. Ziwa la maji baridi lenye kilomita za mraba zaidi ya elfu mbili liko hapo, na jirani ananunua maji kwa bidon. Hilo nalo nimeliandika. Walisema lina siasa.

"Unaandikaka juu ya sabuni," mke wangu aliniambia siku moja, "na humu nyumbani sabuni haiko." Akaondoka na bidon. Sentensi ile ingetosha kwa mchezo mzima, na nilipoitia kwenye karatasi ya mradi wakaifuta.

Ndipo nikaanza magendo.

Ulikuwa mradi wa kunawa mikono. Mhusika wa kwanza hajui, mhusika wa pili anajua. TDR haikusema yule asiyejua ni nani. Basi nikamfanya mamamkwe. Anafika na sanduku, amekuja "kusalimia tu", na kabla hajakaa amekwisha kufunua sufuria. Ananusa sombe, anamtazama binti yake, anasema, "Kwetu tulikuwaka tunaweka mawese." Basi. Hakutukana mtu. Lakini yule mkwe, maskini, tangu sekunde hiyo anaongea akiwa amesimama. Sabuni imewekwa mlangoni kwa ajili ya kunawa; mama anaichukua, anaifunga kwenye kitambaa, anaitia sandukuni, kwa kuwa sabuni ni ya wageni na yeye kwa binti yake si mgeni. Mkwe ananunua nyingine. Nayo inaingia sandukuni. Kufika sehemu ya nne sanduku lile lina sabuni kuliko kantini, na nyumba nzima inanawa kwa majivu.

Kwa sauti yake tulimpata mama muuza samaki wa soko la Kituku. Hajui kusoma maandishi marefu, tunamsomea mstari mara moja, naye anautoa upya umebadilika na umekuwa mzuri zaidi, jambo ambalo mimi kama mwandishi silipendi na nimelinyamazia. Anaingia studio na beseni lake, analiweka chini ya maikrofoni, fundi mitambo analalamika harufu, kisha ananunua sambaza wawili watatu.

Mambo yakaharibika kwa uzuri. Motari wakaanza kuitana "mama mukwe" kwenye rond-point. Mtu akichelewa kurudisha deni anaambiwa sabuni imeingia sandukuni. Mamamkwe wangu wa kweli, anayetusikiliza kila jioni akiwa nyumbani kwangu alikokuja kusalimia, alitingisha kichwa akasema, "Ule mama hana adabu. Ni mama wa nani?" Nikatazama dari.

Mtu wa mawasiliano wa mradi alinipigia. Nilijua nimekwisha. Alisema utafiti wao mdogo wa mtaani umeonyesha kila mtu anaufahamu mchezo, lakini wakiulizwa ujumbe ni nini, wengi wamejibu: usimpe mama mkwe ufunguo. Kwa hiyo, kwa upole, anaomba katika sehemu ya mwisho mama abadilike. Wanaita mabadiliko ya tabia. Arudishe sabuni, anawe, amshukuru mkwe wake, kisha wimbo.

Nikaandika hivyo. Mama wa Kituku akasomewa mstari, akakaa kimya, akapangusa mikono kwenye kitenge. "Papa," akasema, "mi ile maneno siwezi kusema. Huyu mama, ata akufe, hawezi kushukuru mukwe." Nikamweleza kuhusu malipo. Akasema malipo anayaelewa, yeye ni mfanyabiashara, lakini kesho yuko sokoni Kituku, na wale wanawake wenzake watamwangaliaje?

Tulibishana mpaka umeme ukakatika, tukaendelea kubishana gizani. Mwisho tukakubaliana hivi: mama anafungua sanduku. Anatoa sabuni moja. Ananawa, vizuri kabisa, mbele na nyuma, katikati ya vidole, mpaka kwenye kifundo, kama TDR inavyotaka. Anakausha mikono. Anaitazama sabuni. Anasema, "Jana hii ilikuwaka mukubwa. Nani ameitumia?"

Wimbo.

Watu wa mradi wamefurahi sana. Wamesema ndiyo mfano wa ubunifu, wameniletea barua yenye muhuri, na wana kazi mpya kwa mama huyohuyo: kunyonyesha mtoto maziwa ya mama peke yake miezi sita. Nimewakumbusha kwamba mhusika ana miaka sabini na miwili. Wamesema niko huru kabisa kuonyesha ubunifu wangu. Nimeomba kianzio, nao wameniambia benki za Goma zimefungwa kwa sababu ya vita, nisubiri mtu atakayevuka mpaka na fedha mkononi.

Na kijana wa jirani alikuwa hapa mlangoni sasa hivi. Anataka kujua yule mama nilimtoa wapi.